Mapitio ya orodha ya vimbunga vya visiwa vyetu: isipitishwe kabla haya hayajanyooshwa

Mpitiaji wa Dagoretti

Habari zenu nyote. Orodha ya vimbunga vilivyopiga visiwa vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ile iliyo kwenye kamusi elezo yetu ya Kiswahili, imeletwa mapitio. Mkusanyaji wake anaomba itambuliwe kuwa orodha teule, yaani moja ya orodha bora za kamusi elezo. Nimeisoma yote, mstari kwa mstari, na kila tanbihi inayofunguka nimeifungua. Msimamo wangu nautoa mapema: kazi ni kubwa, haijawahi kufanywa kwa Kiswahili kwa kiwango hiki, na inastahili kufika inakotaka kufika. Lakini isipitishwe ilivyo sasa. Ina tatizo la msingi linalozaa mengine, nalo ni kwamba haisemi popote kimbunga kinaingiaje humo.

Utangulizi unasema "vimbunga vilivyopiga visiwa", basi. Kupiga maana yake nini? Jicho, yaani kitovu chake, likanyage nchi kavu? Upepo ufike? Mvua inyeshe? Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, jicho lake lilipita baharini kaskazini ya Ngazidja (Grande Comore), kisiwa cha Komori. Halikukanyaga kisiwa. Hata hivyo mapaa yaling'oka, migomba ikalala, na watu walikufa. Kwa kigezo cha jicho, Kenneth anatoka, na Wangazidja tunawaambia nini? Na si kwetu tu. Tazameni Bermuda, kisiwa kidogo mno katikati ya Atlantiki. Tarehe 5 Septemba 2003 kimbunga Fabian kilipita magharibi yake bila jicho kukanyaga, na bado watu 4 walisombwa na mawimbi kwenye njia ya Causeway. Orodha ya vimbunga vya Bermuda isiyo na Fabian haina maana.

Napendekeza kigezo hiki kiandikwe kwenye utangulizi kwa maneno wazi: kimbunga kinaingia kama kilileta kisiwani upepo wa kilomita 63 kwa saa au zaidi, ambao ndio mpaka wa kukipa jina, au kama mvua yake au mawimbi yake yaliua watu au kuharibu mali kisiwani, na liwepo andiko lililochapishwa linalosema hivyo. Kisichotimiza hapo kinatoka, hata kama kilikuwa maarufu vipi. Kimbunga Idai cha Machi 2019 hakina sababu ya kuorodheshwa kwa sifa ya mji wa Beira, Msumbiji, maana Beira si kisiwa. Mwenye ushahidi wa madhara yake Madagaska aulete, tuupime kwa kigezo hicho hicho.

Sasa niwaonyeshe mstari mmoja tu, mwone ninachosema. Huu hapa kama ulivyo kwenye jedwali leo asubuhi:

Kenneth | 25 Aprili 2019 | Pemba | 230 | kimbunga kikali sana

Tarehe 25 ni ya kutua Msumbiji. Kisiwani Ngazidja ilikuwa tarehe 24. Pemba iliyoandikwa hapo ina kiungo, na ukikibonyeza unapelekwa Pemba ya Wete na Chake Chake! Kenneth hakikufika huko. Kilitua Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba wa Msumbiji. Msomaji wa Zanzibar akiona kisiwa chake kimepigwa mwaka 2019 na yeye alikuwepo, hatakuwa na sababu ya kuamini mstari unaofuata.

Halafu hiyo 230. Ni kilomita kwa saa, sawa, lakini imepimwa vipi? Kituo chenye dhamana rasmi ya eneo letu ni kile cha Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kilichoko kisiwa cha Réunion. Chenyewe hutoa wastani wa upepo wa dakika 10. Kituo cha pamoja cha jeshi la Marekani, kilichoko Pearl Harbor, hutoa wastani wa dakika 1. Wastani wa dakika 1 karibu kila mara hutoka mkubwa zaidi, kwa kimbunga kile kile. Kenneth ana 230 kwa Wamarekani na 215 kwa Réunion. Mistari michache juu yake yupo Gafilo wa Machi 2004, naye ameandikiwa 230, lakini hiyo ni ya Réunion, ya dakika 10. Kwa hiyo jedwali linamwambia mtoto wa shule kwamba Kenneth na Gafilo walikuwa sawa. Hawakuwa sawa hata kidogo. Gafilo kanieneo yake (mgandamizo wa hewa, ambao hushuka kadiri kimbunga kinavyokuwa kikali) ilishuka hadi hektopaskali 895.

Na "kikali sana" nayo haiko sahihi. Kwa ngazi za Réunion, kimbunga huanza kuitwa kikali sana kinapozidi maili 115 za baharini kwa saa. Kenneth kilifika 115 kamili, hakikuzidi. Mkanganyiko unatokana na ubadilishaji: 115 ni kama kilomita 213, halafu vituo huzungusha kwa tano tano na kuandika 215. Mtu akitazama 215 na mpaka wa 212 anaona kimevuka. Ndiyo maana nashauri ngazi isikokotolewe kutoka kwenye kilomita. Ichukuliwe kama kituo kilivyoitaja.

Huo ni mstari mmoja. Hayo yote yamo ndani ya mstari mmoja, na yote yanarekebishika ndani ya jioni moja kama tukikubaliana chanzo kimoja kwa safu moja. Réunion kwa upepo, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Takwimu za Wamarekani zikihitajika ziende kwenye tanbihi.

Jambo la mwisho kwa sasa, na kwangu ndilo zito kuliko yote: orodha inaanza mwaka 1960. Kimbunga cha Unguja cha 15 Aprili 1872 hakimo. Naomba mkusanyaji atueleze kwa nini.

Mkusanyaji wa orodha

Asante sana mpitiaji kwa muda wako. Mstari wa Kenneth nimeunyoosha tayari: tarehe, kisiwa, upepo na ngazi. Kiungo cha Pemba sasa kinaenda mjini, kwenye tanbihi, na safu ya kisiwa inasomeka Ngazidja. Naendelea kupitia mistari mingine kwa chanzo cha Réunion.

Kuhusu 1872. Nilianza 1960 kwa sababu maalumu. Huo ndio mwaka vimbunga vya eneo hili vilipoanza kupewa majina, cha kwanza kikiwa Alix, Januari 1960, kikafuatwa na Carol mwishoni mwa Februari. Kabla ya hapo hakuna majina, hakuna setilaiti, na vipimo vya upepo ni vya kubahatisha. Niliona nikianza kuingiza vya karne ya 19 nitaijaza orodha na mistari yenye vistari vitupu. Kulikuwa pia na mhariri aliyeingiza 1872 na 1952 kwa pamoja, vyote vikiwa na tarehe 15 Aprili. Nikaona hiyo haiwezekani, mtu amenakili tarehe mara mbili, nikatoa vyote hadi kitakapopatikana chanzo.

Mwalimu wa Jiografia, Buruburu

Ndugu mkusanyaji, pole na kazi, na hongera. Naomba nichangie hapo kwenye tarehe.

Zote mbili ni sahihi. Unguja ilipigwa 15 Aprili 1872. Lindi ilipigwa 15 Aprili 1952. Miaka 80 kamili. Ni sadfa, lakini ina maelezo yake: Aprili ndio mkia wa msimu wa vimbunga katika bahari yetu, na vichache vinavyopanda hadi karibu na ikweta hutokea mara nyingi nyakati hizo. Kenneth alikuja Aprili. Jobo, kilichosogelea pwani ya Dar es Salaam mwaka 2021 na kufifia, kilikuja Aprili. Hidaya, kile cha mwaka 2024, kilikuja Mei. Kwa hiyo tarehe kufanana isikutishe.

Lindi kwa kigezo cha mpitiaji haiingii kwenye jedwali kwa kuwa ni bara. Itajwe kwenye maelezo, inatosha. Lakini 1872 kuiacha nje ni kama kuandika historia ya karafuu na kuiruka Pemba. Nawafundisha watoto wa kidato cha tatu jambo hili kila mwaka. Kimbunga kile kilifyeka mashamba ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuguswa sana. Baada ya hapo uzito wa karafuu ukahamia Pemba na haujarudi mpaka leo. Sultani Barghash, aliyekuwa ametawala tangu 1870, alipoteza merikebu zake bandarini. Ile manowari yake Glasgow, iliyojengwa Uingereza mwaka 1878, ililetwa kujaza pengo hilo, na ndiyo hiyo hiyo iliyozamishwa tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipoipiga Unguja kwa mizinga. Uchumi, siasa, jeshi la majini, vyote vimeguswa na siku moja ya Aprili. Orodha ya vimbunga vya visiwa inayosomwa na Waswahili itaiachaje?

Mpitiaji wa Dagoretti

Mwalimu amesema yote niliyotaka kusema na zaidi.

Mkusanyaji, hofu yako ya vistari vitupu naielewa, ila siikubali. Kistari kitupu ni taarifa. Kinamwambia msomaji kwamba kipimo hakikuwepo, na hilo ni kweli. Kibaya ni kukijaza. Nimefungua historia ya ukurasa na nimekuta kwamba yule mhariri aliyeingiza 1872 alikiandikia kimbunga hicho upepo wa kilomita kwa saa, namba kamili, akitegemea tovuti binafsi isiyosema ilikoipata. Hiyo isirudi. Mwaka 1872 tunao mashahidi: John Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza pale Unguja, aliripoti. Stanley, mwandishi wa habari, akirudi pwani Mei mwaka ule kutoka kuonana na Livingstone, aliyakuta madhara yake. Tunaweza kuandika nyumba, merikebu na mashamba kwa ushahidi wao. Upepo tunauacha wazi.

Na kama tunafungua mlango wa kabla ya 1960, Morisi nayo iingie ipasavyo. Tarehe 29 Aprili 1892 kisiwa kile kilipigwa na Port Louis ikasambaratika, watu zaidi ya 1,000 wakafa. Morisi ya wakati huo haikuwa gizani. Ilikuwa na kituo cha uchunguzi cha Royal Alfred chini ya Charles Meldrum, mmoja wa watu waliotangulia duniani kuchunguza vimbunga vya kusini mwa ikweta. Vipimo vya kanieneo vya siku ile vipo vimechapishwa. Ndiyo sababu nasema mwaka 1960 ni mpaka wa majina, na majina si sababu ya kumwacha aliyekufa mwaka 1892.

Kwa wanaotaka kutafuta bila kusafiri: Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue na Maktaba ya McMillan mtaa wa Banda ni mahali pa kuanzia. Wahariri wengi wa Nairobi tunapita hapo nje kila siku tukikimbilia matatu, na tanbihi zetu zote ni za intaneti.

Mkaazi wa Mathare

Mimi si mhariri, nasoma tu, lakini kuna mstari umeniuma. Kwenye Hidaya, safu ya vifo, imeandikwa "zaidi ya 200, Kenya". Hiyo si kweli. Mathare maji yalituingilia usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili 2024. Watu walikuwa juu ya mabati wakingoja kuokolewa. Mafuriko ya Mai Mahiu yalikuwa alfajiri ya tarehe 29. Hicho kimbunga sisi tulikisikia Mei. Mtu akisoma hapo atafikiri tuliuawa na kimbunga kutoka baharini, wakati sisi tunajua ni mto na mahali tulipojenga na mitaro isiyopitisha maji. Mkisema ni kimbunga, mnawapa wengine njia ya kutokea.

Na swali langu la pili: kwa nini Mombasa na Lamu hazimo kabisa? Lamu si kisiwa?

Mpitiaji wa Dagoretti

Dada, au kaka, asante kwa kusimama. Uko sahihi kabisa na hoja yako nimeinakili kwenye ukurasa wa majadiliano wa orodha ili isipotee.

Mafuriko ya Kenya ya 2024 yalikuwa ya mvua za masika, na yalikuwa yameshaua watu wengi Hidaya ikiwa haijapewa hata jina. Kule Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya kalavati lililoziba chini ya tuta la reli, tuta likaachia. Kimbunga hakihusiki. Kilichotokea ni kwamba taarifa za siku zile za kwanza za Mei zilitaja mambo mawili katika aya moja: idadi ya waliokufa kwa mafuriko, na onyo la Hidaya iliyokuwa inakuja. Mtu ameyasoma haraka na kuyaunganisha. Mstari wa Hidaya ubaki na kilichokuwa chake: ilifika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, ikiwa inapungua nguvu, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa matangazo siku kadhaa mfululizo. Madhara ya Mafia na pwani ya Tanzania yawekwe kwa taarifa za Tanzania. Idadi ya vifo vya Kenya itoke leo. Sisubiri mapitio yaishe kwa hilo.

Kuhusu Lamu. Ni kisiwa, na Mombasa pia. Hazimo kwa sababu ya ikweta. Kimbunga kinahitaji kuzunguka, na kinachokizungusha ni mzunguko wa dunia yenyewe, ambao nguvu yake ya kupinda upepo ni ndogo sana karibu na ikweta na huongezeka kadiri unavyokwenda kusini au kaskazini. Ndani ya nyuzi 5 za ikweta ni nadra mno kimbunga kuumbika au kuishi. Lamu iko nyuzi 2 kusini, Mombasa 4, Unguja 6, Mafia karibu 8, Ngazidja kati ya 11 na 12. Ukizishusha hivyo utaona orodha inaongezeka mistari kadiri unavyoshuka: Lamu hakuna, Unguja kimoja, Komori kadhaa, Madagaska na Morisi kila msimu au karibu hivyo. Nadra si haiwezekani: Desemba 2001 kimbunga Vamei kiliumbika karibu na Singapore, nyuzi 1 na ushei kaskazini ya ikweta. Lakini kwetu hapa haijaandikwa.

Kenya inaguswa kwa njia nyingine. Machi 2019 Idai ikiwa Msumbiji ilivuta unyevu kuelekea kusini, na Idara ya Hali ya Hewa, hapa hapa Dagoretti Corner, ilieleza kuchelewa kwa masika kwa sababu hiyo. Wakulima waliokuwa wameshapanda waliliona hilo shambani. Ni habari nzuri ya makala nyingine. Kwenye orodha hii haina mahali.

Mngazidja wa Pangani

Assalaam alaikum. Nami nina neno, kwa Chido.

Mmeandika Maore (Mayotte), 14 Desemba 2024, vifo "maelfu". Mhariri mwingine akabadilisha ikawa 40. Mwingine akarudisha maelfu. Mmevutana hivyo kwenye historia ya ukurasa, tumewaona. Mimi nina jamaa Kawéni, huko huko Maore. Nyumba zao ni za mabati juu ya mlima, hazikubaki. Nawaambia watu waliozikwa kabla ya serikali kufika ni wengi, kwa sababu sisi Waislamu maiti halali ndani. Na walio na hofu kwa kukosa karatasi za ukaazi hawakwenda kuripoti maiti wala kujeruhiwa. Kwa hiyo hiyo 40 watu wetu hawaiamini. Mtafanyaje?

Mpitiaji wa Dagoretti

Wa alaikum salaam, na pole kwa jamaa zako.

Hapa lazima twende polepole, maana pande zote mbili za mvutano zina sababu. "Maelfu" ilitoka wapi? Gavana wa Kifaransa kisiwani, siku moja baada ya kimbunga, alisema kwenye matangazo kwamba anahofia mamia na pengine maelfu. Ilikuwa hofu ya mtu anayetazama mabanda yaliyolazwa chini yote kwa pamoja. Haikuwa hesabu. Hesabu rasmi iliyofuata ilisimama karibu 40, na wengine kadhaa hawajulikani waliko. Kwenye safu ya vifo, kamusi elezo haiwezi kuweka hofu mahali pa hesabu. Hiyo 40 ndiyo inayobaki.

Lakini ikibaki peke yake inamdanganya msomaji kwa kumpa uhakika ambao hata viongozi wenyewe hawakuudai. Haya uliyoyataja, mazishi ya haraka na wasio na vibali kuogopa kujitokeza, yalisemwa hadharani na maofisa na yakaandikwa na magazeti. Yana chanzo. Basi yaandikwe kwenye aya iliyo juu ya jedwali, kwa kusema nani alisema, na namba iwe na tanbihi inayompeleka msomaji kwenye aya hiyo. Hapo mhariri wa 40 na mhariri wa maelfu wote wawili wanapata kilicho haki yao, na vita vya kurudisharudisha vinakwisha. Ushuhuda wa jamaa zako wenyewe, kwa bahati mbaya, siwezi kuuweka. Utaratibu wetu unataka kilichochapishwa. Kama kuna mwandishi wa habari au mtafiti anayekusanya habari za Kawéni, wapelekeeni. Kikishachapishwa tutakitaja.

Kitu kingine kwenye mstari huo huo: kabla ya Maore, Chido kilipita Agalega, visiwa vidogo vya Morisi, na kuviharibu vibaya. Vina watu mia chache tu. Hamkuviandika. Orodha ya visiwa ikisahau visiwa vidogo, nani mwingine atavikumbuka? Vivyo hivyo Farquhar ya Shelisheli, iliyopigwa na Fantala Aprili 2016. Fantala ndicho chenye upepo mkubwa kuliko vyote kwenye kumbukumbu za Réunion, kilomita 250 kwa saa kwa wastani wa dakika 10, na kwenye jedwali lenu safu ya kisiwa imeandikwa "baharini".

Mkusanyaji wa orodha

Agalega na Farquhar nimeongeza. Vifo vya Kenya nimeviondoa kwa Hidaya. Chido naandika aya kama ulivyopendekeza, na ndugu wa Pangani ningeomba aisome kabla sijaihifadhi.

Nina swali la safu. Mwalimu amenishauri niongeze safu ya mvua. Jedwali tayari lina safu tisa.

Mwalimu wa Jiografia, Buruburu

Ndiyo, na nasisitiza. Upepo pekee unapotosha. Hyacinthe ya Januari 1980 ukiitazama kwa upepo utaipita. Lakini ilizungukazunguka karibu na Réunion na pale Commerson, juu mlimani, zikaanguka milimita 6,083 kwa siku 15. Nairobi hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka mzima. Hiyo ni mvua yetu ya miaka sita kwa wiki mbili. Gamede, Februari 2007, mahali pale pale, karibu milimita 3,930 kwa siku 3. Ni rekodi za dunia hizi, zimethibitishwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na ziko kwenye kisiwa cha bahari yetu. Orodha isiyo na safu ya mvua inazificha.

Mpitiaji wa Dagoretti

Nakubaliana na mwalimu. Nafasi ya kuweka safu hiyo ipo: ondoa safu ya "Msimu" na ile ya rangi.

Msimu unarudia tarehe, na unachanganya. Belal ya Januari 2024 na Hidaya ya Mei 2024 ni msimu mmoja, ilhali Chido ya Desemba mwaka ule ule ni msimu unaofuata, kwa kuwa msimu unahesabiwa Julai hadi Juni. Sentensi moja kwenye utangulizi inatosha kulieleza hilo. Rangi nayo inasema ngazi ya kimbunga ambayo tayari imeandikwa kwa maneno pembeni yake, na asiyeona rangi vizuri haimsaidii kitu.

Lijaribuni jedwali kwenye simu, si kwenye kompyuta ya kazini. Nimelifungua kwenye simu yangu ndani ya matatu: jina la kimbunga linatoweka kushoto kabla hujafika kwenye vifo, unabaki na namba ambazo hujui ni za nani. Wasomaji wetu karibu wote ni wa simu. Lifungieni jina lisisogee, au lipunguzwe.

Na mpangilio. Nilipobonyeza kichwa cha safu ya tarehe, tarehe zote zinazoanza na 1 zilikuja juu, zikafuatwa na zinazoanza na 2, bila kujali mwezi wala mwaka. Jedwali linapanga kwa herufi kwa sababu tarehe ni maandishi tu kwake. Kila tarehe inahitaji kuwekewa nyuma yake namba ya kupangia, mwaka kwanza, mwezi, siku. Kazi ya mikono, inachosha, lakini bila hiyo 1872 itaangukia katikati ya vimbunga vya juzi.

Majina ya visiwa pia: "Grande Comore" mistari mitatu, "Ngazidja" miwili. Anayepanga kwa kisiwa anapata visiwa viwili. Chagueni moja. Mimi ningechukua Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore kote.

Viungo vyekundu, vya makala ambazo bado hazijaandikwa, sivihesabu kama kasoro. Rodrigues, Agalega na Farquhar vikibaki vyekundu ni mwaliko kwa mtu mwingine aandike, hata ikiwa mbegu, yaani makala fupi ya kuanzia.

Mkaazi wa Mathare

Nimeona Hidaya imerekebishwa. Asanteni. Naweza kujifunza kuhariri? Nataka kuandika ya mto wetu.

Mpitiaji wa Dagoretti

Unaweza, na unahitajika. Fungua akaunti, niandikie kwenye ukurasa wangu wa majadiliano, tutaanza na makala ya mafuriko ya 2024 ambayo kwa Kiswahili bado ni aya moja. Unazijua tarehe kuliko sisi sote hapa. Tutatafuta magazeti ya siku zile tuzithibitishe.

Kwa orodha: nimeweka "naunga mkono kwa masharti" kwenye ukurasa wa mapitio. Masharti yaliyobaki ni kigezo cha kuingia kiandikwe kwenye utangulizi, aya ya Chido ihifadhiwe, na mstari wa 1872 urudi ukiwa na tanbihi ya ripoti ya Kirk na kistari kwenye safu ya upepo. Hilo la tatu nalichukua mimi. Jumamosi nitakuwa McMillan kuanzia wanapofungua. Mwenye nafasi aje tutafute pamoja.

Mwalimu wa Jiografia, Buruburu

Nakuja, na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu watakuja nami.